Tulichagua Masta Mara Mbili



Sisi tunaowaandikia ni mume na mke, wakaaji wa Lubumbashi, katika mtaa wa Katuba. Mmoja wetu ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Mwenzake ni muuguzi katika kituo cha afya. Wote wawili tulipata lisansi zamani, wakati lisansi ilipokuwa mwisho wa miaka mitano: mitatu ya graduwa na miwili ya lisansi yenyewe. Kisha tukaoana, tukapata watoto wanne, wala hamu ya kuendelea na masomo haikututoka. Siku hizi vijana wanatujia jioni na kutuuliza: "Baba, Mama, nifanye masta gani?" Tunawakaribisha waketi, nasi tunawasimulia kwanza aibu yetu.

Mwaka 2017 tuliuza parseli ndogo tuliyokuwa nayo upande wa Ruashi. Tulikuwa tumeinunua polepole, tukitazamia kujenga siku moja. Fedha zile zilitosha masomo ya mtu mmoja, si ya wawili. Tulishauriana usiku mwingi, watoto wakiisha kulala, tukapatana kwamba mwalimu atangulie. Tulisema ni kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mwenzake. Lakini tuseme kweli: ilikuwa pia kwa sababu yeye ni mwanamume, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza kama sababu hiyo ina uzito.

Sasa, asome nini? Wakati ule kila mtu mjini alisifu usimamizi wa miradi. Shemeji yetu mmoja alikuwa amemaliza masomo hayo, akapata kazi katika shirika la kigeni, na gari juu yake. Basi sisi tulifuata gari la shemeji. Hatukuuliza ni masomo gani yanayofundishwa, wala ni nani anayeyafundisha, wala mtu aliyezoea kemia atafanya nini na miradi. Tulisoma bango lililobandikwa ukutani, tukalipa sehemu ya kwanza ya karo, tukapewa risiti yenye muhuri mzuri sana.

Darasani walikuwa watu zaidi ya mia, wote wametoka kazini, wamechoka. Walimu walikuja kutoka mbali, wakafundisha siku tatu mfululizo, wakaenda zao. Mwalimu wetu alipouliza ni nani atakayemsimamia katika tasnifu, yaani ile wanafunzi wanayoiita memwari, alijibiwa: "Tutaona." Akakutana na wenzake waliomaliza masomo yote tangu miaka mitatu, nao walikuwa bado wanangojea siku ya kutetea tasnifu zao, na kila mwaka walidaiwa karo tena. Muhula mmoja ulipokwisha, akaacha. Ndivyo parseli yetu ilivyokwenda. Jina la shule ile hatulitaji, maana kosa la kutouliza lilikuwa letu.

Miaka miwili neno masta halikutajwa nyumbani mwetu. Lilikuwa kama jina la ndugu aliyekufa vibaya.

Kisha ikaja surua ya mwaka 2019. Wengi wenu mnaikumbuka, na baadhi yenu mlizika. Katika nchi yetu nzima wagonjwa zaidi ya 300,000 walihesabiwa, na watu zaidi ya 6,000, walio wengi watoto wadogo, walikufa kabla ugonjwa haujatulia mwaka 2020. Muuguzi wetu ndiye aliyeshika rejista ya kituo chake. Kila jioni aliandika jina la mtoto, umri, mtaa, na kama alipata chanjo; kila juma alipeleka hesabu kwa wakubwa. Mwishoni mwa mwezi wa pili aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa wengi walitoka katika njia mbili zilezile za mtaa, na mama wengi wa njia hizo walishika mkononi karatasi za chanjo za watoto wao. Je, dawa iliharibika kwa joto njiani? Au mtoto hukingwa nusu tu? Aliwauliza wenzake, hakuna aliyejua. Alirudi nyumbani na swali hilo, akala nalo, akalala nalo.

Ni kwa swali hilo tulianza kuzungumza tena habari za masta, na safari hii tulianza upande mwingine. Hatukuuliza ni diploma gani inayoleta gari. Tuliuliza: ni wapi wanafundisha watu kujibu swali la namna hii?

Hapa yafaa tueleze kidogo, kwa ajili ya vijana na wazazi wao, maana mambo yamebadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya nchi yetu vyote vilitakiwa kufuata utaratibu mpya uitwao LMD. Lisansi mpya ni ya miaka mitatu, maana yake mihula sita na krediti 180, masta ni ya miaka miwili, mihula minne na krediti 120, halafu doktora. Kwa hiyo neno lisansi lina maana mbili sasa, ya zamani ya miaka mitano na ya sasa ya miaka mitatu. Ukiandika kwa chuo cha nchi nyingine na kusema tu "nina lisansi", hawatajua wewe ni wa zamani au wa sasa. Taja idadi ya miaka, tia karatasi za alama za kila mwaka, na uombe jibu kwa maandishi, kwa kuwa kila chuo kinapima kivyake. Tena uliza kama masta yenyewe ni ya kazi au ya utafiti. Anayetamani doktora akiingia katika masta ya kazi bila kujua, aweza kukuta baadaye mlango ni mwembamba.

Basi tulitafuta. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina shule ya afya ya umma, na cha Lubumbashi vilevile. Huko Kampala, Uganda, kuna Makerere, chuo cha tangu mwaka 1922, nacho pia kina shule ya namna hiyo. Makerere inafundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza cha muuguzi wetu kilikuwa cha salamu tu. Kinshasa ni mbali, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na mtoto wa mwisho alikuwa na miaka minne. Mtu mmoja mwema alituambia kwamba anayetaka elimu hana budi kuacha vyote. Labda. Yeye hakuwa na mtoto wa miaka minne.

Ikabaki Lubumbashi, lakini safari hii hatukulipa hata franka moja kabla ya kuona. Muuguzi aliomba orodha ya masomo, akahesabu ni saa ngapi za takwimu na ni saa ngapi za mengineyo. Aliwatafuta watu wanne waliomaliza, akawauliza wanafanya kazi gani leo, na walingoja muda gani kabla ya kutetea tasnifu. Alimwandikia daktari mkuu wake barua ya kuomba asipangiwe zamu za usiku siku za masomo, akangoja mpaka jibu likafika lenye sahihi. Jumamosi moja alikwenda kusoma tasnifu za waliotangulia. Alikaa huko kutwa. Aliporudi bukari ilikuwa imepoa, na watoto wamekwisha kunawa miguu. Lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepokea barua aliyoingojea. "Baba," akasema, "wanahesabu yale ninayotaka kuhesabu."

Rafiki mmoja alimshauri achague uongozi wa hospitali, kwa kuwa wakubwa ndio wanaokula vizuri. Yeye akachagua elimu ya kuenea kwa magonjwa, ile iitwayo epidemiolojia. Tukaingia katika likelemba ya walimu ili kupata karo, kwa maana hatukuwa na parseli nyingine ya kuuza.

Hatutaki mdhani kwamba nyumba yetu ilikuwa na amani kila siku. Mwalimu aliona uchungu. Yeye ndiye aliyetangulia na kushindwa, na sasa mwenzake anatoka jioni na daftari kwapani. Mama yake mzazi alikuja kutoka Likasi, akakaa juma moja, akaona mwanawe anapika sombe. Akasema mbele yetu sote: "Mwanangu, mke akisoma kukupita, utamwita nani katika nyumba hii?" Mwalimu hakupata neno la kumjibu mama. Usiku, wageni wakiisha kulala, aliosha vyombo vyote peke yake na kwa kishindo kikubwa, na muuguzi alikaa mezani akifanya hesabu zake bila kuinua kichwa. Asubuhi ndipo tuliposemezana. Tuliafikiana kwamba zamu ya mwalimu itakuja, tukaandika neno hilo kwenye jalada la daftari la likelemba, mahali tunapoliona kila mwezi.

Katika muhula wa pili muuguzi alipata sehemu ya jibu lake. Alijifunza kwamba chanjo moja ya surua, ikitolewa kwenye umri wa miezi tisa, hukinga watoto kama 85 katika 100. Wale 15 wanabaki wazi, hata kama karatasi yao imeandikwa vizuri. Na mahali ambapo wengi hawakuchanjwa kabisa, ugonjwa unawafikia na hao. Basi mama wale hawakusema uongo. Alipotusimulia hayo alilia, kwa kuwa mwaka 2019 alikuwa amemkemea mmoja wao kituoni.

Leo yuko katika muhula wa nne, ule wa tasnifu. Anaandika juu ya njia zile mbili za mtaa, na rejista zake za zamani zimejaa mezani petu hata hatuna pa kuweka sahani.

Naye mwalimu ameanza kuuliza. Wanafunzi wake walimletea darasani chupa ya maji ya mto unaopita karibu na machimbo, yenye rangi ambayo hakuweza kuwaeleza sababu yake. Ameandika barua Lubumbashi, na nyingine katika Chuo Kikuu cha Copperbelt, kule Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, akiomba orodha ya masomo ya kemia ya maji na jina la mtu anayeyasimamia. Kitwe wanafundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila jioni, kama umeme upo, mtoto wetu wa kwanza anamfundisha baba yake kwa kitabu chake cha shule, na anamsahihisha bila huruma. Ile chupa iko dirishani, ndani ya nyumba, na imeandikwa tarehe.