Chepkong Kwenye Pedi

Kinanda cha kanisa letu pale Litein kilikuja na kila kitu ndani yake: ngoma, besi, tarumbeta, fidla. Unachagua namba, unabonyeza, mdundo unaanza. Kwa sisi tuliokulia katikati ya majani chai ya Bureti miaka ya 1990, huo ndio uliokuwa muziki wa kisasa. Mpiga kinanda aliiongoza kwaya, lakini naye aliongozwa na midundo iliyopangwa kiwandani huko Japani.

Nyuma ya kinanda kile kulikuwa na matundu mawili ya duara, kila moja na vishimo vitano, yameandikwa MIDI. Hakuna aliyeyagusa. Baadaye nilikuja kujua kwamba yalitokana na makubaliano ya washindani: Dave Smith wa Sequential Circuits kule Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani. Januari 1983 vinanda vya kampuni hizo mbili viliunganishwa kwa waya mbele ya watu, California, na kimoja kikakiliza kingine. Waya ule haubebi sauti. Unabeba namba tu: noti ipi, imepigwa kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, imeachiliwa lini. Jambo hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo lililobadilisha kazi yangu yote.

Studio niliyoanzia mjini Kericho ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kompyuta ilikuwa na tundu la joistiki lenye pini 15, na hapo ilichomekwa kebo yenye mikia miwili ya kwenda kwenye kinanda. Mkia wa kutoa ulitakiwa kuingia tundu la kupokea, na wa kupokea kwenye la kutoa. Ukiibadilisha, hupati kitu. Redio za Kikalenjin, Kass FM na Chamgei FM, zilikuwa zimeshafungua mlango, na waimbaji walitujia kutoka Sotik, Silibwet na Longisa na nyimbo zilizokwisha kukomaa harusini. Ngoma tulizipanga kwenye FruityLoops, ambayo leo ni FL Studio, kwa kubofya kipanya: visanduku 16 kwa mstari, duru baada ya duru.

Kontrola yangu ya kwanza ya MIDI ilinunuliwa na chai. Mama alikuwa mkulima wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, na bonasi ya Oktoba ilipoingia, baada ya karo na mabati ya jikoni, alinitengea kiasi. Kilikuwa chombo kidogo: vitufe 25 vya piano, pedi nane, nobu nane za kuzungusha, na waya mmoja wa USB. Ndani hakikuwa na sauti hata moja. Jirani aliyekuja kukitazama alibonyeza, akangoja, akaniangalia kwa huruma.

Kuichomeka kontrola ni rahisi: unaingia kwenye mipangilio ya programu, unaitafuta kwenye orodha, unaiwasha. Shida ni kuchelewa. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, ikiwa ya sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa milisekunde 46 hivi, na mpigaji anaanza kujikwaa. Ukishusha hadi 256 zinabaki kama 6, na mkono unatulia. Lakini kompyuta dhaifu ikishushiwa hivyo inakwaruza, kwa hiyo nilizoea kushusha wakati wa kupiga na kupandisha wakati wa kuchanganya sauti. Kisha nobu: unabofya ile ya kwenye skrini kwa upande wa kulia wa kipanya, unachagua kuiunganisha, unazungusha ya mkononi, basi zimeshikana. Ya kwanza niliipa mwangwi wa mwimbaji.

Baada ya hapo nikageukia muziki wa zamani wa kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawanasa Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani waliyemsikia kwenye santuri. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet. Nilipozisikia, nilijaribu kuifuata chepkong, kinubi cha Wakipsigis kinachosikika humo, kwa kinanda changu. Haikuwezekana. Nyuzi zake hazikukaa juu ya noti za piano.

Nikamfuata mzee mmoja wa Roret anayeipiga bado. «Mzee, naomba upige uzi mmoja mmoja, na kila mmoja uuache hadi unyamaze.»

«Kijana, uzi mmoja peke yake hausemi kitu,» alinijibu. Hata hivyo alinipigia nikirekodi, kwa nguvu na kwa upole, kisha akapiga wimbo mzima ili nisikie nyuzi zinavyoitana.

Kila uzi niliupa pedi yake, kuanzia noti namba 36, kwa mpangilio wa vidole vyake na si kwa mpangilio wa piano. Pedi hutuma namba tu, na namba inaita uzi ule ule wa Roret, umekazwa vile vile alivyoukaza. Pigo dogo linaita rekodi ya upole, pigo kubwa linaita ile ya nguvu. Na ile amri ya kunyoosha mapigo yafuate mistari ya programu niliizima. Naamini amri hiyo imeharibu nyimbo zetu nyingi, kwa sababu mkono wa chepkong hutangulia kidogo na kubaki nyuma kidogo kwa makusudi.

Vijana wa Bomet sasa huniomba faili la chepkong hiyo ya pedi. Ninawapa mpangilio wa pedi bila sauti, nikiwataka wakarekodi kwa wazee wao, maana kila mpigaji hukaza nyuzi zake kufuata koo lake. Mwaka 2020 ilitolewa MIDI 2.0, inayoiwezesha kila noti kubeba urekebisho wake wa kimo cha sauti. Ninataka kuijaribu kwa chepkong. Mzee wa Roret amekubali kuja studio Desemba, tupime kila uzi.