Radi zilizojipanga mstari

Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu ni radi. Ilipiga hapa Machakos usiku wa masika ikaunguza ruta yangu na tarakilishi. Mama alikuwa ameshafunika vioo vyote kwa leso. Mimi, mtu wa kompyuta, sikuwa nimechomoa hata waya mmoja! (Amenikumbusha mara kadhaa.)

Nilipoazima mashine nyingine nikaanza kuchimba data za radi. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kinaongoza mtandao wa vituo vinavyonasa mawimbi ya redio yatokayo kwenye radi duniani kote. Nikaandika programu fupi ya kuchora ramani. Ziwa Victoria likawaka kama jiko, hilo nililitarajia. Lakini katika Bahari ya Hindi, kutoka kusini mwa Sri Lanka kuelekea mlangobahari wa Malaka, kulikuwa na mstari mnyoofu. Mawingu hayatumii rula. Nikapoteza jioni nzima nikitafuta kosa katika programu yangu.

Kosa halikuwepo. Ile ni njia ya meli ziendazo Singapore. Mwaka 2017 watafiti waliotumia data za 2005 hadi 2016 walionyesha kwamba radi juu ya njia hiyo zilikaribia kuwa mara mbili ya zile za bahari ya kando. Moshi wa mafuta mazito ya meli una salfa, na chembe zake huzaa matone mengi, madogo mno, mawinguni. Hayanyeshi upesi, hupandishwa hadi kwenye baridi ya kugandisha, na vipande vya barafu vinapogongana ndipo chaji hujikusanya.

Sawa, lakini labda ni milingoti tu inayovuta radi? Sisi waandishi wa programu tunajua la kufanya: badilisha kitu kimoja, kisha endesha tena. Kumbe dunia ilifanya hivyo! Tarehe 1 Januari 2020, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa majini, lilishusha kikomo cha salfa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Milingoti ilibaki ileile. Utafiti uliotoka 2025 ulikuta radi kwenye njia hiyo zimepungua karibu nusu.

Mdogo wangu ni baharia, na hupita huko. Nimemtumia ramani kwa simu. Amejibu: "Kaka, na ruta umeshanunua?"

Bado.