Sare iliyoninyima usingizi

Leo sitaandika habari za programu, au tuseme nitazifikia kwa kuzunguka.

Jumamosi nilicheza chesi klabuni, hapa Nairobi, na mzee mmoja mstaafu. Mimi nilikuwa na weusi. Akasogeza e4, nikajibu c6, yaani Caro-Kann, ufunguzi uliobeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann tangu miaka ya 1880. Naupenda kwa kuwa hauna mbwembwe na haubomoki upesi. Akaleta d4, nikaweka d5, akala, nikala, kisha askofu wake akatua d3. Wengi klabuni husema hiyo ni njia ya waoga wanaotafuta sare. Wasahau: Fischer aliitumia kumshinda Petrosian kule Belgrade mwaka 1970.

Mwishoni tukabaki na ngome moja moja, mimi askari 2, yeye 1. Moyoni nilishashinda. Nikabadilishana naye askari mmoja kwa mmoja ili mambo yawe mepesi. Mzee akainua macho. "Haya, kijana."

Akaiweka ngome yake mstari wa 3, ikawa inakwenda na kurudi hapo hapo. Mfalme wangu hakupata pa kupita. Nikachoka kungoja, nikasukuma askari hadi e3. Papo hapo ngome ikakimbia mpaka mstari wa 8, ikaanza kumtishia mfalme wangu kutoka nyuma. Hakuwa tena na pa kujificha. Nikanyoosha mkono. Sare.

Usiku usingizi ulikataa. Ile e3! Saa saba nikawasha kompyuta, nikafungua Stockfish, programu huria ambayo kila mpenda chesi anaweza kuipata bure. E3: sifuri. Hatua ya kabla yake: sifuri. Vipande vikiwa 5 tu, wala haihitaji kukisia. Majedwali ya Syzygy, yaliyofika vipande 7 mwaka 2018, yana jibu kamili. Nilikuwa nikikagua mstari ambapo programu iliangukia, na kosa liko juu huko: pale nilipobadilishana askari. Kabla ya hapo nilikuwa nashinda.

Ulinzi wenyewe Philidor alishaueleza katika karne ya 18. Mzee aliujua. Mimi, na kompyuta yangu yote, sikuujua.

Nimemwomba turudiane Jumamosi, nami nitakuwa na weupe. Nitaanza na e4. Akileta c6, nitaleta d4, akiweka d5, nitakula.