Tunajua Kupima Nguo, Hatujui Kupima Maneno

Biharusi wetu mmoja tumempunguzia gauni kiuno mara tatu. Kumbe kaka yake anatumia unga, nyumbani hakulaliki. Sisi mafundi tukamwambia "subiri mwanangu", akazidi kulia. Tukaona haya.

Tukamwendea dada mmoja, mshauri wa waraibu. Akatuonesha anavyosomea kwenye simu, bure: Shirika la Afya Duniani limeweka maswali 8 ya ASSIST, ya kujua matumizi ya mtu yamefika wapi, na mwongozo wa PM+, vikao 5 vya kumsaidia mwenye dhiki. Huo ulijaribiwa kwa wanawake Nairobi, na wasaidizi wasio madaktari, ila waliofundishwa na kusimamiwa. "Kusoma peke yake hakutoshi," akatuonya.

Kaka akapelekwa Kidongo Chekundu, inakotolewa methadoni tangu 2015. Biharusi naye anakaa na dada yule kila wiki.

Dua tunaomba, na tiba tunatafuta; dini yetu haikutenganisha. Gauni tumeliachia kitambaa ndani ya mshono. Inshaallah atanenepa.