Maneno Matupu na Maneno Yasiyofahamika

Katika lugha ya Kiingereza mna neno moja ambalo wanafunzi wengi hulikuta vitabuni wasijue kulitumia. Neno hilo ni gibberish, na hutamkwa jiberishi. Maana yake ni sauti zitokazo kinywani zikafanana na usemi, lakini ukizichambua huoni kitu ndani yake. Waingereza wamelitumia tangu karne ya 16, na wengi hudhani lilizaliwa kwa kuigiza sauti ya mtu asemaye mbiombio bila mpango.

Sisi nasi tu matajiri wa maneno ya namna hii. Mgonjwa mwenye homa kali huweweseka. Mlevi hubwabwaja. Mtu asiyepima maneno yake huropoka, na wakaao barazani bila kazi hupiga porojo. Lakini maneno haya si mamoja. Apigaye porojo hufahamika kila asemalo, ila halina faida. Mgonjwa awewesekaye hafahamiki hata kidogo, na huyu ndiye aliye karibu na lile neno la Kiingereza.

Basi, neno hili lina matumizi mawili. La kwanza ni la haki, nalo ni kutaja maneno yasiyo na maana kwa mtu awaye yote. La pili ni hili, kwamba mtu husikia lugha asiyoijua, akasema, “Huo ni upuuzi mtupu.” Matumizi haya ya pili ndiyo nitakayo tuyapime, maana yana hatari ndani yake.

Mimi ni mtu wa Gerezani, katika mji wa Dar es Salaam, karibu na soko la Kariakoo, na masikio yangu yamelelewa na lugha nyingi. Kizaramo ni lugha ya wenyeji wa pwani hii. Kigujarati nalikisikia madukani, na Kichaga, Kinyamwezi na Kimakonde nalivisikia kwa watu waliokuja mjini kutafuta riziki. Siku hizi, ukishuka katika kituo cha mabasi yaendayo haraka ukaingia mitaa ya maduka, utasikia pia Kichina, na Kilingala cha wafanya biashara kutoka Kongo. Mtu asiyezijua lugha hizi husikia kelele tu. Lakini kila mmoja katika watu wale ataja bei, auliza habari za nyumbani, au amwonya mwenziwe.

Nalipokuwa mtoto wa darasa la tano, naliona jambo ambalo sijalisahau. Mzee mmoja mgeni, aliyetoka kusini karibu na mto Ruvuma, alisimama kando ya soko akiwa ameinua mkono, akapaza sauti kwa Kimakonde. Kiswahili alikijua kidogo, ila kwa haraka aliyokuwa nayo kilimponyoka. Watoto waliokuwa pale wakacheka, wakaanza kumwigiza, na mmoja mdogo akasogea mbele ili acheze vizuri. Mimi nilikuwa nikiutazama mkono wa mzee, maana ulielekea kwenye mkokoteni uliojaa magunia ya mahindi. Mara mama mmoja muuza ndizi, ambaye lugha ile ilikuwa lugha ya mama yake, akaziacha ndizi zake, akaruka, akamvuta yule mtoto kwa shati. Papo hapo kamba ikakatika, magunia yakaporomoka pale pale alipokuwa akicheza.

Yule mama akamwinamia mzee, akamshukuru kwa lugha yao. Kisha akatugeukia, akauliza, “Wanangu, mlikuwa mkicheka nini? Baba huyu alisema, Kamba yakatika!” Hakuna aliyejibu. Maneno yale mawili yalikuwa na maana kuliko yote yaliyosemwa sokoni asubuhi ile, na kwa masikio ya watoto wale yalikuwa mchezo.

Kosa hili si la watoto wa Kariakoo peke yao. Hapo kale Wayunani waliwaita mataifa mengine kwa neno la kuigiza usemi wao, kana kwamba wote wasema bar-bar. Waarabu nao waliwaita watu wasiosema Kiarabu kwa neno ajam, yaani wasiosema waziwazi, na kwa neno hilo sisi twaiita nchi ya Persia Uajemi mpaka leo. Lakini Waajemi walikuwa na mashairi na vitabu vya hekima. Tena Waingereza wana maneno mumbo jumbo, wayatumiayo kwa mambo ya kipuuzi. Jina hilo walilipata Afrika ya Magharibi. Msafiri Francis Moore alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1738, akieleza habari za mtu avaaye vazi la kujificha aliyeogopwa na kuheshimiwa katika vijiji vya Wamandinka. Jambo la heshima kwa wenyewe likawa mzaha katika vinywa vya wengine.

Na sasa tulitazame jina la Kariakoo. Katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi hizi. Barabara zilikuwa mbaya, na ndorobo waliwaua farasi na ng’ombe, hata mizigo ya majeshi ikachukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Jeshi la wachukuzi wale liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na katika neno hilo la mwisho herufi p na s hazitamkwi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, na kambi ya wachukuzi ikawekwa mahali hapa. Watu wakalisikia jina la kigeni, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Hata Nairobi uko mtaa uitwao Kariokor, na asili yake ni ile ile.

Mtu asiyejua asili hii aweza kusema kwamba Kariakoo ni sauti tu. Lakini ndani yake wamo watu. Wachukuzi waliokufa katika vita vile walihesabiwa kupita 40,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, wala si kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya mji tangu mwaka 1927, inawataja na wao katika maandishi yake. Majina yao mengi hayajulikani, ila jina la kazi yao hutajwa kila siku na watu waendao kununua vitunguu.

Je, upuuzi wa kweli haupo? Upo, na mara nyingi husemwa kwa lugha tuijuayo vizuri. Nimemsikia mchuuzi sokoni akinadi chupa moja ya dawa iponyayo macho, meno, tumbo, ndoa na deni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, wala hapakuwa na neno hata moja lisilofahamika. Lakini tulipouliza dawa hiyo imetengenezwa kwa nini, na nani aliyepona, hakuwa na jibu. Usemi wake ulikuwa mtupu kama debe, ingawa uliwapendeza wengi, na fedha zikatoka mifukoni.

Basi, ewe msomaji, usikiapo maneno usiyoyafahamu, usiseme upesi kwamba hayana maana. Sema, “Mimi sijayafahamu,” kisha umtafute mtu wa kukufasiria. Na usikiapo maneno unayoyafahamu yote, usiseme upesi kwamba yana maana. Uliza yasimama juu ya nini. Mwenye kufanya hayo mawili atajua kulitumia lile neno la Kiingereza mahali pake, na hatamvunjia mtu heshima kwa sababu ya ulimi aliozaliwa nao.