Mwembe wa ukingo wa Lualaba



Jumamosi iliyopita, kisha kazi za nyumba, tulishuka watu tisa mpaka ukingo wa Lualaba, upande wa Kasuku, pale mitumbwi inapovusha watu kwenda Alunguli. Hatukwenda kununua samaki. Tulikwenda kutazama alama za maji.

Alama zipo kwa anayejua kuangalia. Kwenye ukuta wa nyumba moja ya matofali mabichi kuna mstari wa rangi ya udongo, juu kidogo ya goti la mtu mzima. Chini ya mstari ule ukuta umelika, mtoto anaweza kupitisha mkono. Bibi mwenye nyumba alituonyesha mwembe wake. Maji yakishika mzizi mkubwa, anapeleka mpunga wake kwa dada yake anayekaa juu. Hana kipimo kingine. Alikosea mara moja tu, alipokuwa kwenye kilio Kibombo.

Mmoja wetu aliuliza lile swali tunalolipenda sisi tusiokaa chini: kwa nini asihame? Bibi hakukasirika.

"Nihame, nyumba ya kupanga nilipe na pesa ya nani? Soko langu ni huu mto."

Tukanyamaza. Samaki wa jikoni mwetu wanatoka kwake.

Shuleni tunafundisha mto kwenye jiografia, kipindupindu kwenye usafi, Stanley kwenye historia. Mtoto haoni kwamba ni jambo moja. Lualaba haijazwi na mvua ya Kindu peke yake. Maji yanatoka Katanga, yanatawanyika kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba, kisha yanapokea Lukuga, inayotoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 Stanley aliikuta Lukuga imezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye ziwa likajaa, likapasua njia. Basi ziwa likiingia nyumba za watu Kalemie na Uvira, kama mwaka 2024, tusiseme ni mambo ya wengine. Lakini maji hayo yana safari ndefu. Yanapanda polepole, siku kwa siku, na ndiyo maana mwembe wa bibi unamtosha.

Vijito vya mjini ni kitu kingine kabisa. Mvua kubwa ya saa moja, mitaro imejaa mifuko na takataka (tunazitupa sisi wenyewe, tuseme ukweli), na maji yako kitandani usiku. Hapo hakuna mwembe. Kuna mtaro uliozolewa mapema, na mtoto anayejua atapandia wapi.

Maji yote mawili yakiingia chooni, yanafika kisimani. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata kama kuni zimelowa na makala ni bei kali. Mtoto akianza kuhara maji matupu, mpe kinywaji papo hapo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aendelee kunywa njiani mkimpeleka kituo cha afya. Anayenyonya asikatazwe ziwa.

Tukirudi tulibishana. Wengine walitaka tutoe kitu kwenye likelemba, tupange chumba kimoja huku juu, wamama wa ukingoni waweke mpunga na madaftari ya watoto kuanzia Machi mpaka Mei. Wengine walisema pesa ya likelemba ina zamu yake, haiguswi. Hatujamaliza, tutaendelea kwenye mkutano. Kila mmoja aje na neno lake.

Jambo moja limekwisha pita. Tutasimamisha mti wenye alama za rangi kila sentimita 10, na wanafunzi wa darasa la sita watausoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mahali pa kuusimamisha atachagua bibi.