Mfagizi na Sindano

Sindano iliyokwisha kutumika haina mwenyewe. Mgonjwa amelala, daktari amekwenda zake, na muuguzi ameitwa kwenye kitanda kingine. Aghalabu atakayeiona kesho ni mfagizi, naye huiona kwa kidole.

Katika maradhi yapitayo njia hiyo, homa ya ini aina ya B ndiyo yenye wepesi mkubwa wa kupita. Achomwaye na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari ya kuambukizwa ya kadiri ya 3 katika 1,000. Damu ikiwa ya mwenye homa ya ini B, na aliyechomwa hana chanjo, hatari huweza kufika 30 katika 100. Tena virusi hivi vina subira: hudumu katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo hata dobi wa hospitali, asiyepata kumgusa mgonjwa, hayuko salama mbele ya shuka zake.

Ajabu ni kuwa UKIMWI huogopwa na kila mtu, na homa hii haitajwi. Yamkini ni kwa ukimya wake. Watu wazima wengi huipata wakapona bila kujua. Wachache hubaki nayo, na baada ya miaka mingi ini hunywea au huingiwa na saratani. Nani wakati huo atakumbuka sindano ya asubuhi moja?

Kinga ipo tangu mwanzo wa miaka ya 1980: chanjo 3 katika muda wa miezi 6. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hana budi kutafutiwa yake. Walakini dozi zikiwa chache, hesabu huanza kwa madaktari, hushuka kwa wauguzi, na huelekea kukoma kabla ya kufika penye ufagio. Huo ni udhalimu, ingawa hufanywa kwa kalamu na upole.

Aliyechomwa yampasa kuosha jeraha kwa maji na sabuni, kutoa habari papo hapo, na kuanza chanjo ikiwezekana kabla ya saa 24 kupita. Lakini mfagizi akisema ataulizwa kwa nini hakuangalia. Mtu aliyeacha sindano nje ya sanduku lake haulizwi. Basi hufunga kidole kwa kitambaa, akaendelea na wodi ya pili.